Nilimwandika Jirani Yangu Kuwa Ameokoka

Nimekosa mimi. Naliweka hilo juu kabisa ili msomaji asipoteze muda kumtafuta mwengine wa kumlaumu. Wapo watu humu ndani ambao nao walisema hili na lile, lakini mlango niliufungua mimi.

Mie ni mwanamke, fundi cherehani, Mkristo, nimezaliwa Unguja hii hii. Babu yangu alikuja kutoka bara kuchuma karafuu, akabaki. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo maneno yakipanda na kushuka mnisamehe. Nina mazoea ya kuandika mambo yangu kwenye daftari kila jioni, na haya nimeyatoa humo. Mengine nimeyafuta mara tatu, maana kila nikiyasoma naona nimejipendelea.

Nnakaa Mji Mkongwe, ghorofa ya kwanza ya nyumba kuukuu. Chini yangu anakaa mama mmoja, nitamwita Bi Zuwena. Si jina lake. La kweli nshalichafua vya kutosha.

Bi Zuwena ni mjane na ana chuo. Kwa msomaji wa mbali, chuo kwetu ni pale watoto wanaposomeshwa Kurani. Kila siku wakitoka skuli, watoto thelathini na kitu waliingia sebuleni mwake, wakaacha kandambili mlangoni, wakakaa mkekani. Amefanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini. Wapo wazazi waliomletea watoto, na wao wenyewe walisoma kwake. Shungi zao nyeupe nikizishona mimi. Huku juu nakanyaga cherehani, kule chini wanaimba herufi, na mara nyingi nilijikuta mguu wangu unakwenda kwa mwendo wao.

Miaka kumi na moja ya ujirani! Krismasi nikimpelekea pilau, na kuku wa pilau hiyo nikimpa kwanza mpwawe Bi Zuwena amchinje, ili na yeye apate kula bila wasiwasi. Ramadhani akiniletea futari. Hatukuwahi kugombana hata kwa maji ya kuoshea ngazi.

Sasa kosa lenyewe.

Kanisani kwetu kuna kikundi cha kushuhudia. Tulikuwa wanane. Kila mwisho wa mwezi, baada ya ibada, tulikaa nje kwenye mabenchi, kila mtu akaeleza amemfikia nani na Habari Njema. Kiongozi wetu, nitamwita Ndugu Yoeli, akiandika. Nataka nieleweke hapa: niliiamini kazi ile na naiamini mpaka leo. Mtu akipata jambo jema hataki kulila peke yake. Sikuingia kwa kulazimishwa.

Lakini sikuwa na la kusema!

Mmoja alikuwa akienda Kizimbani kuwatembelea vibarua wa shamba la viungo, Wakristo wenzetu waliokuwa wameacha kusali, na watatu walirudi kanisani. Mwengine alikuwa na rafiki anayewatembeza wageni msituni Jozani, kijana wa bara, wakisoma Injili pamoja kila Jumanne. Ikifika zamu yangu, mie nasema, "Tunaendelea kuomba." Mwezi wa kwanza hivyo. Wa pili hivyo. Wa tano hivyo.

Siku moja dada mmoja mcheshi akanitania. "Dada fundi, hiyo mbegu umeipanda, au umeishonea mfukoni?"

Wakacheka. Na mie nilicheka. Hakuwa na ubaya, huyo huwachekesha wote, hata mchungaji hamuachi. Ila jioni ile niliyaandika maneno yake daftarini, nikayapigia mstari. Hapo ndipo nnapojua kwamba yalinichoma.

Kiasi cha wiki mbili baadaye Bi Zuwena akaugua. Homa kali, na mguu umevimba. Nilimpelekea uji wa mtama, nikamkuta amelala peke yake, watoto amewarudisha makwao.

"Shikamoo Bi Zuwena."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Usitizame huu mguu, utakuharibia hamu ya kula."

Nikakaa. Nikasema, kwa moyo safi kabisa, na hili Mungu analijua, "Bi Zuwena, nikuombee?"

"Niombee, mwanangu. Nani anayekataa dua akiwa kitandani?"

Nikamshika mkono, nikaomba. Niliomba kama ninavyoomba siku zote, kwa jina la Yesu. Nilipomaliza akasema, "Amin." Kisha akaongeza, "Nabii Isa, amani iwe juu yake, na sisi tunamjua. Alikuwa akiponya wagonjwa. Mwenyezi Mungu akulipe."

Basi. Hayo ndiyo yote yaliyotokea. Aliitikia dua ya jirani kama anavyoitikia mtu muungwana wa mji huu. Mtu akikuombea heri, unaitikia. Hata mie, shekhe akiomba dua harusini kwa watu, naitikia Amin na naondoka Mkristo vilevile nilivyokuja.

Mwisho wa mwezi ukafika. Zamu yangu ikafika. Nikaeleza: jirani yangu, mwalimu wa chuo anayekaa chini yangu, alikuwa mgonjwa, nimemuombea kwa jina la Yesu, ameitikia Amin. Yale maneno aliyoyaongeza sikuyasema. Sikuyasahau. Niliyaacha.

Ndugu Yoeli akainua uso kutoka kwenye karatasi yake.

"Mwalimu wa chuo?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo, dada yangu, amempokea Bwana?"

Jamani! Ningeweza kusema hapana. Neno dogo, hata mtoto analiweza. Lakini watu saba walikuwa wananitizama kwa furaha ambayo sijapata kutizamwa nayo, na yule dada mcheshi alikuwa ameshika mdomo, machozi yanamlenga.

Nikainamisha kichwa. Kama mtu anayekubali.

Nimejitetea sana daftarini kuhusu kile kichwa. Nimeandika kwamba sikutamka uongo. Kurasa nne nimeandika! Ni upuuzi. Nilidanganya, kwa shingo badala ya mdomo.

Wakapiga vigelegele. Na nimpe Ndugu Yoeli haki yake: aliniuliza tena, "Una hakika?" Nikainamisha tena. Akawaambia wote, "Jina lake lisitajwe. Tumlinde huyu mama." Alisema hivyo, nilimsikia.

Jina halikutajwa. Lakini dada mmoja, kwa furaha yake, akamtumia shangazi yake wa bara ujumbe wa sauti. Akasema mwalimu wa Kurani, mwanamke mjane, Mji Mkongwe, ameokoka, jirani yake fundi cherehani ndiye aliyemuombea. Mji wetu huu una vichochoro vingi, lakini walimu wajane wa chuo wanaokaa chini ya fundi cherehani ni wangapi?

Sijui ujumbe ule ulipita simu ngapi. Najua kwamba haukumaliza mwezi kabla ya kuvuka maji na kurudi mtaani kwetu.

Nilijua kwa masikio. Nakanyaga cherehani, nikaona sauti za chini zimepungua. Siku ya pili zimepungua tena. Nikashuka kama naenda dukani, nikahesabu kandambili mlangoni. Pea kumi na tisa. Wiki iliyofuata kumi na moja. Halafu nane.

Hakuna aliyemtukana Bi Zuwena. Hakuna aliyerusha jiwe, na mimi sikuguswa wala sikuambiwa neno. Wazazi walituma tu salamu: mtoto ana mafua, mtoto amehamia chuo cha karibu na kwa bibi yake. Siwalaumu. Nimejiuliza mwenyewe: nikisikia mwalimu wa Shule ya Jumapili amesilimu kimyakimya na bado anafundisha watoto, mwanangu ningempeleka? Nisingempeleka.

Alhamisi moja Bi Zuwena akapanda ngazi, polepole kwa ule mguu. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mwanangu, umesikia wanayoyasema?"

"Yepi, Bi Zuwena?" Mdomo huu huu! Ulisema "yepi"!

"Ati nimetoka kwenye dini. Mie! Mama Ilham ndiye aliyekuwa na imani ya kuja kunambia usoni, wengine wananikimbia kama nina ndui. Ati imetoka kanisani, kwenye simu." Akanishika goti. "Weye unakwenda huko. Niulizie, mwanangu. Sitaki ugomvi na mtu. Nataka nimjue tu, nimuulize nilimkosea nini."

Nikasema, "Nitauliza."

Nilikuwa na mkasi mkononi na kitambaa cheupe cha ushungi mbele yangu. Aliposhuka nikagundua nimekikata vibaya, hakifai hata leso.

Tangu siku hiyo sikuwa na pa kukaa. Nyumba yetu ina ngazi moja na mlango mmoja wa nje. Kutoka lazima nipite kwake, kurudi lazima nipite kwake, na kila nikipita ananiita. "Umepata habari?" "Bado, Bi Zuwena." Nikaanza kusubiri aingie kusali ndipo nitoke. Nikaanza kuvua viatu ngazini. Mwanamke mzima nanyata nyumbani kwangu!

Nikamwendea Ndugu Yoeli, nikamwambia yote. Sitaki kumpaka tope, alikuwa na huzuni ya kweli.

"Dada, kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliona haya."

"Sasa wapo wageni wanakuja kutoka bara. Wameshakata tiketi za boti. Wanakuja kwa ajili yake huyu mama." Akajifuta uso. "Subiri waondoke. Tukilisema sasa tutawavunja moyo wengi. Na nani ajue, pengine Bwana atalifanya kuwa kweli."

Nami nikakubali kusubiri. Alinishauri, hakunifunga kamba. Nilikubali kwa sababu ndicho nilichokuwa natamani kuambiwa.

Wageni wakaja, watatu. Mkubwa wao alikuwa mama wa makamo ya Bi Zuwena, mpole, miguu inamsumbua vilevile. Nikawaambia mwalimu amekwenda shamba kwa ndugu zake. Siku nzima nikawazungusha. Jioni nikawapeleka Forodhani, nikawanunulia urojo na mishikaki ya pweza, nikaongea kama kasuku ili wasipate nafasi ya kuuliza.

Yule mama akaweka bakuli chini, akanambia taratibu, "Mwanangu, nilimfungia siku tatu huyo dada. Siku tatu, sikutia kitu kinywani. Nilikuwa nataka nimuone uso tu."

Nikamsogezea mishikaki. Sikumwambia kitu. Hata hapo!

Kesho yake walikuwa wanaondoka na boti ya mchana. Tuliagana bandarini asubuhi, au ndivyo nilivyodhani. Kumbe boti ilichelewa, na wao wakaona heri wapite nyumbani kwangu kuacha zawadi. Waliulizia fundi cherehani, wakaelekezwa. Niko juu nashona, nasikia "Hodi!" chini. Na nasikia sauti ya Bi Zuwena, "Karibuni! Fundi yuko juu, lakini kaeni kwanza, ngazi hizi zinataka pumzi."

Nilishuka ngazi mbili mbili.

Ilikuwa siku ya mapumziko, chuo kilikuwa asubuhi. Wazazi wawili watatu walikuwa mlangoni wanachukua watoto, Mama Ilham mmojawapo. Yule mama mgeni amesimama anatizama mkeka, anatizama watoto, anamtizama Bi Zuwena. Nikaona uso wake unafunguka.

"Ni wewe!" akasema. "Dada yetu! Dada yetu katika Bwana!"

Akamkumbatia. Akalia begani kwake. Mkononi ana kifurushi, Biblia imefungwa kwa kanga mpya.

Bi Zuwena hakumsukuma. Alimpigapiga mgongo kama mtu anayembembeleza mfiwa. Kisha macho yake yakapita juu ya bega la mgeni, yakanikuta mie kwenye ngazi ya mwisho.

"Mwanangu," akasema, "hawa ni wageni wa nani?"

Sikuwa na pa kurudi wala pa kwenda. Nikasema pale pale, mbele ya wote. Nikasema ni mie. Nikasema nilimuombea tu, akaitikia kwa uungwana, nikaenda kusema ameokoka. Hakuna mwengine.

Mama Ilham akasema, "Loo! Fundi!" Yule mama mgeni akamuachia Bi Zuwena, akakaa kwenye kizingiti, kifurushi mapajani, akafunika uso kwa mikono.

Na Bi Zuwena? Akageuka, akamwambia bintiye, aliyekuwa amekuja kumtizama, "Tia maji jikoni. Wageni hawana kosa. Wametoka mbali, wasiondoke bila ya kahawa."

Wakanywa kahawa. Wallahi, nami nasema wallahi na sina haki ya kulitumia neno hilo, wakanywa kahawa sebuleni kwake, na yule mama akamuomba radhi kwa kosa lisilokuwa lake. Mie niliachwa nimesimama. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyenambia kaa.

Nilidhani yamekwisha. Ukweli umesemwa, watoto watarudi! Ndivyo nilivyodhani, na hapo ndipo palipo na mtego ambao sikuujua.

Alasiri ya siku ya pili wazazi wakakaa barazani. Bi Zuwena aliniita nije niseme tena, na nikasema tena, neno kwa neno, na yale niliyoyaacha kanisani nikayatia. Wengine waliniamini. Lakini mzee mmoja, kwa adabu kabisa, akauliza, "Fundi, huyu ni jirani yako miaka kumi na moja?"

"Ndiyo."

"Mnapelekeana vyakula?"

"Ndiyo, mzee."

"Na kwako wewe ni kama mama?"

"Ndiyo."

"Basi mtoto atamsitiri mama yake. Tutajuaje kama leo ndiyo unasema kweli, na siku ile ndiyo ulidanganya?"

Mtu aliyedanganya mara moja hana shahidi, hata akisema jua limechomoza. Kadiri nilivyozidi kumtetea ndivyo nilivyozidi kumfunga. Kila jema la ujirani wetu lilikuwa linageuka ushahidi.

Mwanamke mmoja akasema, nadhani alitaka kusaidia, "Basi Mwalimu atoe shahada tu hapa tusikie, tumalize maneno."

Bi Zuwena alimtizama. Kama nimekumbuka sawasawa, alisema hivi: "Weye Rahma, nilikufundisha mie kuitamka. Ulikuwa huna meno ya mbele. Leo ndiyo nikusomee weye, mlangoni kwangu, kama nimeingia jana?"

Rahma akainama. Lakini hakuna aliyesema basi.

Na Bi Zuwena akaitamka. Mara moja, kwa sauti ya kusomesha, imenyooka. Watoto wanane waliokuwa ndani, kwa mazoea yao, wakaitikia nyuma yake. Wazazi wawili walilia. Mie niliziba mdomo kwa mtandio.

Wiki ile ile watoto wakaanza kurudi. Kumi, kumi na tano. Akawapokea siku mbili. Siku ya tatu akawapa kila mmoja msahafu wake na barua kwa wazazi, akaviringisha mkeka. Mama Ilham alikuja kumbembeleza, nikasikia kutoka juu, nisingeweza kutosikia.

"Mwalimu, si yamekwisha?"

"Yamekwisha kwenu, mwanangu. Mie nshasomeshwa mbele ya wanafunzi wangu. Siwezi tena kumwambia mtoto 'rudia'."

Chuo kikafungwa. Zaidi ya miaka ishirini, kwa sababu ya kichwa changu kuinama mara mbili!

Bado tunakaa nyumba moja. Sina uwezo wa kuhama, na yeye hana pa kuhamia. Asubuhi napita mlangoni kwake, "Shikamoo Bi Zuwena." Anaitikia, "Marahaba." Hajapata kuninyima hiyo marahaba. Ila lile neno "mwanangu" lililokuwa likifuata, halifuati tena. Nimelingoja mwaka mzima.

Kanisani nilisimama nikasema. Ndugu Yoeli naye alisimama, akasema alinishauri vibaya kusubiri. Hakulazimishwa kusema hivyo, na namheshimu. Alituma masahihisho bara. Lakini uongo ulikwenda kwa sauti ya furaha, na masahihisho yalikwenda kwa maandishi. Juzi tu Mkristo mmoja mgeni mjini kanisimulia, macho yanamng'aa, habari ya mwalimu wa Kurani wa Mji Mkongwe aliyeokoka. Nikamwambia si kweli, namjua mwenyewe aliyesema. Akanijibu, "Dada, usimzuie Roho."

Nimetoka kikundini. Siyo kwamba siamini tena. Naamini, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtaa mzima ungeweza siku moja kuniuliza, fundi, huyo Yesu wako unampendea nini? Ningewaambia! Sasa nani aniulize? Nikiwaambia alifufuka, watasema ndiye yule aliyesema Bi Zuwena ameokoka.

Wenzangu mnaokwenda kwa watu na Injili, nawasihi. Mtu akikukaribisha, kukubaliwa kukaa mkekani kwake siyo kukubaliwa dini yako. Akikuitikia dua, mshukuru, nenda zako. Usiende kumsema mahali ambapo hayupo kukukanusha. Ukirudi mikono mitupu mwezi wa kwanza hata wa kumi, sema mikono ni mitupu. Aliyekutuma anaiona.

Na kama wewe unayesoma umeshainamisha kichwa mahali fulani, kwa furaha ya watu, juu ya jambo ambalo halikutokea, ondoka ulipo uende ukaseme. Usingoje wageni waondoke. Mie nilingojea wakati mzuri wa kusema kweli, na kweli ilipotoka haikumfaa mtu.